Jiwe Langu na Maneno Yaliyoliwa

Mkuu wa ofisi aliniambia nilitupe lile jiwe, nami nikamwambia sawa, kisha nikalitia kwenye mkoba wangu. Nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa nimevuka mpaka wa nchi na mzigo kichwani, nikakaa miaka mingi, nikauvuka tena kurudi, na sikuwa tayari kufundishwa na mtu yeyote nibebe nini na niache nini. Jiwe lenyewe ni dogo, la kijivu, linaenea kwenye kiganja. Chini yake lina kinundu, kwa hiyo ukiliweka linainama kidogo upande mmoja. Ukilikuta njiani utalipita tu.

Nililiokota kambini, upande wa Sudan. Sisi ni watu wa Midia, karibu na Koboko, na baba alikuwa askari wa serikali iliyoanguka Kampala mwaka 1979. Hakurudi kutoka huko alikokuwa, na hakuna aliyetuletea habari ya kaburi. Mama alifunga vitu vyetu kwenye shuka, tukaingia Zaire kwanza kwa kuwa ni karibu, na baadaye Sudan kwa kuwa huko walisema kuna chakula. Kulikuwa na mzee mmoja kambini aliyewahi kuwa karani wa jeshi. Wenzake walikimbia na magodoro na masufuria, yeye alikimbia na taipureta. Mkewe alimnunia kwa jambo hilo muda wote tuliokaa kule, na kila alipopita pale mzee alipoketi alisema kwa sauti kwamba angependa kujua ile mashine inapikwa na nini.

Mzee yule alitufundisha wasichana wachache kupiga chapa. Darasa lilikuwa turubai lililofungwa kwenye miti, na upepo wa pale ulikuwa mpumbavu, ulivuma bila sababu. Ukiweka karatasi unayoinakili kando ya mashine, unaikuta kwenye miiba. Ndiyo maana kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na jiwe lake. Kanuni ya mzee ilikuwa hii: karatasi mkono wa kulia, jiwe kwenye pembe yake, macho kwenye karatasi, na vidole vijitafutie njia vyenyewe. Ukitazama vidole anakugonga na rula. Ukitazama ulichoandika anakugonga pia, kwa sababu, alisema, kilichoandikwa kimeshaandikwa. Nilijifunza hivyo na nikajifunza vizuri. Ukiniamsha usingizini na kunipa karatasi, mkono wangu wa kulia utatafuta jiwe kwanza.

Tuliporudi nyumbani, palipokuwa na nyumba palikuwa nyasi tupu. Mama alianza kuuza ufuta na mafuta ya mawese chini kabisa kwenye soko la Koboko, juu ya gunia, na mimi nikapata kazi mjini Arua kwenye ofisi ya shirika moja lililosaidia watu waliorudi. Sitalitaja jina, halipati hasara kwa kutotajwa. Nilianza na taipureta. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikaletwa kompyuta.

Vijana wa siku hizi hawawezi kuelewa tulivyoipokea. Ilifunikwa na kitambaa cha kufuma kama kinachofunika redio ya sebuleni, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa mkuu na mimi. Iliwaka pale tu jenereta ilipowashwa. Skrini ilikuwa ya bluu na herufi nyeupe. Kilichonishangaza si skrini, ni jinsi maneno yalivyosogea. Kwenye taipureta, ukisahau neno katikati ya sentensi umekwisha, unaanza ukurasa upya. Kwenye kompyuta unaweka kile kidude kinachomeremeta mahali ulipotaka, unachapa neno lako, na maneno yote yaliyo mbele yanasogea kulipisha. Hayagombani. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mhasibu akaja kuchungulia.

Jiwe mkuu hakulipenda tangu siku ya kwanza. Meza ya kompyuta ilikuwa ndogo na printa ilikuwa imelala nusu yake, kwa hiyo karatasi yangu ilikaa juu ya mwisho wa kibodi, mkono wa kulia, na jiwe juu ya pembe. Dirisha lilikuwa la wavu tu na vumbi la Arua lina upepo wake. "Hii ni ofisi," aliniambia kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi. "Mambo ya kambi yaache kambini." Wageni walikuja kutoka Kampala, wazungu walikuja, na hakutaka wakute jiwe juu ya mashine ya bei ile. Tukafikia mapatano ambayo hayakuwa na maneno: wakija wageni, jiwe linaingia kwenye droo. Wakiondoka, linatoka. Niliudhika, lakini nilihitaji mshahara.

Sasa nieleze habari ya katiba, kwa sababu hapo ndipo penye shida yote.

Wanawake wa soko la Koboko walitaka kuunda chama. Soko lilikuwa linajengwa upya, na mabanda mapya ya mabati yangegawiwa kwa wanachama tu. Asiye mwanachama angeuzia nje, barabarani, kwenye vumbi na mvua, akifukuzwa na kila mwenye filimbi. Ofisi yetu ilikubali kuwasaidia kuandika katiba, na ikaamuliwa iwe ya Kiswahili, kwa sababu sokoni kuna Wakakwa, Walugbara, Wanubi na wanawake waliokimbia vita vya Sudan, na Kiswahili chetu kile kibovu ndicho wote wanachosikia. Kila kikao walikaa wenyewe, wakabishana, mwalimu mmoja wa kike akaandika mabadiliko kwa penseli, na karatasi ikaja kwangu Arua na lori la tumbaku. Mimi nilichomeka yaliyoongezwa, nikachapa nakala mpya, ikarudi Koboko na lori lilelile.

Kifungu cha nne ndicho kilichosema nani ni mwanachama. Nakikumbuka kama jina langu. "Wanachama ni wanawake wote wenye meza sokoni, na wajane wa askari waliorudi kutoka Zaire na Sudan." Wenye meza walikuwa wale waliorudi mapema na wakapata mbao. Wajane wa askari walikuwa wa kwenye magunia. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyokuwa mlango wake wa kuingilia kwenye banda la mabati, hana mlango mwingine.

Ndipo kompyuta ikaanza kula.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuwahi kuona. Nilichapa neno jipya katikati ya sentensi nikitegemea maneno mengine yasogee, kumbe hayasogei. Herufi mpya ilikaa juu ya herufi ya zamani na kuimeza. Ukichapa neno la herufi tano, herufi tano za mbele zimekwenda. Mimi niliyefundishwa kutotazama niliendelea kuchapa, macho kwenye karatasi, na nilipoinua kichwa nikakuta nusu ya sentensi haipo. Nikairudisha. Siku ya pili nikachapa, maneno yakasogea vizuri, kwa adabu zote. Siku iliyofuata asubuhi yalisogea, mchana yakaliwa. Mashine ambayo imeharibika naielewa. Hii ilikuwa inaharibika na kupona inavyotaka.

Nilifanya kila nililolijua. Nilizima na kuwasha. Nilibadilisha disketi. Nilimlaumu mtu wa jenereta kwamba umeme wake una kwikwi, tukagombana, naye akaacha kunisalimia kwa muda mrefu. Nilifuta kibodi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, na ofisi nzima ikanuka. Mhasibu alinishauri nisali. Mkuu alikuwa na jibu rahisi kuliko yote: kompyuta haina tatizo, mwenye tatizo ni mtu wa taipureta aliyewekwa mbele ya kompyuta. Hilo aliniambia mbele ya watu. Ningefungua mdomo pale ningefukuzwa kazi kabla ya saa sita.

Akaletwa fundi kutoka Kampala. Alikuwa kijana mpole mwenye bisibisi kwenye mfuko wa shati. Kwa kuwa ni mgeni, jiwe likaingia kwenye droo. Akaketi karibu nami akasema, "Haya dada, nionyeshe." Nikachomeka neno. Maneno yakasogea. Nikachomeka jingine, yakasogea. Nilichapa mpaka vidole vikachoka, nikiomba mashine ile imeze walau koma moja, nayo ilikaa kitako kama bi harusi mbele ya mkwe. Fundi akamtazama mkuu, mkuu akatazama dari. Fundi alisema kwa upole kwamba huenda kulikuwa na kirusi ambacho kimeshaondoka. Nilimchukia kwa ule upole kuliko nilivyomchukia mkuu kwa dharau yake.

Fundi hakuondoka Arua mara moja, alikuwa na kompyuta nyingine za kutazama mjini. Na wakati huo karatasi ikaja kutoka Koboko na mabadiliko ya mwisho. Kifungu cha nne kilikuwa kimeongezewa tena maneno kwa penseli. Baada ya "na" yaingie maneno "kwa kibali, wale". Nikatoa jiwe kwenye droo, nikaweka karatasi, nikachapa. Lori lilikuwa linapiga honi nje na jenereta ilikuwa inazimwa. Nikachapisha kwa printa ile inayolia kama inasaga mahindi, nikaipitishia macho haraka, nikaona sentensi zote zimekaa sawa, nikaifunga kwenye bahasha.

Zilikaa sawa kweli. Hilo ndilo balaa lenyewe. Baadaye nilihesabu herufi. "Kwa kibali, wale" na "wajane wa askari" vina urefu mmoja, nafasi na koma pamoja. Kimoja kiliingia kikakimeza kingine, kama kifuniko na chungu chake. Sentensi iliyofika Koboko ilisema: "Wanachama ni wanawake wote wenye meza sokoni, na kwa kibali, wale waliorudi kutoka Zaire na Sudan." Kiswahili safi kabisa. Wajane hawamo.

Nilikwenda Koboko mwisho wa juma hilo kumwona mama, nikashukia pale malori yanaposimama, na kabla sijatua mfuko wangu chini wanawake walikuwa wamenizunguka. Walikuwa wa magunia wote. Mwalimu alikuwa amewasomea.

"Binti ya Midia," akasema mmoja, mwanamke mrefu wa Dranya aliyeuza samaki mkavu, "sisi iko wapi?"

Sikuelewa.

"Kwa karatasi. Zamani sisi ilikuwa, sasa hakuna. Mutu gani alitoa sisi?"

Nikasema ni mashine. Wakacheka kicheko kibaya. Mashine! Yule wa samaki akapiga makofi mara moja, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wachoma nyama, "Yeye nakaa Arua, nakula mshahara, nasahau baba yake ilikuwa askari pia." Hapo nililia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, kwa sababu kila neno alilosema lilikuwa kweli isipokuwa moja, kwamba nimesahau.

Mama alikuwa ameketi nyuma ya ufuta wake na hakuinuka. Nilimwendea. Aliniuliza kwa Kikakwa kama nimekula, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, ili wengine wasikie, "Sasa wewe narudisha sisi ama hapana?" Alisema kikao cha kutia dole gumba ni Jumamosi inayofuata. Kikishapita, karatasi inakwenda kwa wakubwa na mabanda yanagawiwa kwa karatasi hiyo. Nikamwambia nitawarudisha. Akafunga ufuta wa mtu kwenye gazeti bila kunitazama.

Nilirudi Arua Jumapili juu ya magunia ya muhogo, na njia nzima nilikuwa nagombana kichwani na watu wote. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuficha vitu kwenye droo. Kazi yangu niliijua. Niliipata chini ya turubai, kwenye upepo, kwa rula ya mzee, wakati hao wenye kunicheka walikuwa wanasoma shuleni chini ya paa. Kama mashine ile ilikuwa inanikomoa, basi inikomoe mbele ya watu, nikiwa nimekaa ninavyokaa siku zote. Kama nafukuzwa, nifukuzwe jiwe langu likiwa mezani.

Jumatatu fundi alikuwa ofisini akichukua barua ya malipo yake, mkuu yuko karibu naye. Nikawaambia wote wawili waje. Nikafungua droo mbele yao, nikatoa jiwe, nikaliweka.

"Tuliongea nini kuhusu hilo?" mkuu akauliza.

"Tuliongea," nikamjibu. "Leo nafanya kazi. Wageni wavumilie."

Mhasibu aliacha kuandika. Sijawahi kumjibu mkuu namna hiyo kabla, na nakiri niliipenda ladha yake. Nikaweka karatasi mkono wa kulia, jiwe juu ya pembe, macho kwenye karatasi, nikaanza kuchomeka. Nikasikia fundi anavuta pumzi.

"Simama, dada. Inakula."

Nikainua macho. Sentensi ilikuwa imetafunwa katikati. Sikumbuki kama niliwahi kufurahia hasara kiasi kile. Nikampiga mkuu kofi usoni, si kwa mikono, kwa macho.

Fundi akaniambia niondoe karatasi na kuipanga upya kama nilivyozoea. Nikaipanga. Nikachapa, maneno yakasogea. Akaniambia niipange tena. Nikachapa, yakaliwa. Yeye safari hii hakutazama sentensi, alitazama chini ya skrini, kwenye kona, ambako neno dogo la Kiingereza lilikuwa linatokea na kutoweka kila jiwe lilipotua. Neno hilo lilikuwa pale siku zote. Mimi sikulitazama kwa sababu nilifundishwa kutotazama, na mkuu hakulitazama kwa sababu alikuwa ananitazama mimi. Fundi akainua pembe ya karatasi kwa vidole viwili. Chini yake, mahali palepale kinundu cha jiwe kilipokuwa kinakaa, kulikuwa na kitufe ambacho sikuwahi kukitumia maishani. Ukikigusa mara moja, herufi mpya zinameza za zamani. Ukikigusa tena, zinasogea. Kila nilipoweka karatasi mpya, jiwe lilikigusa. Karatasi hii inakula, karatasi ile haili. Na wageni walipokuja, jiwe likiwa kwenye droo, hakuna wa kukigusa.

Tulicheka, hata mkuu alicheka, na akicheka alikuwa mtu wa kawaida tu. "Si nilikwambia ulitupe?" akasema. Nikamwambia kwamba kama asingenilazimisha kulificha, fundi angeliona siku ile ya kwanza na sisi sote tungelala usingizi. Fundi alijifanya anatafuta bisibisi yake. Jiwe nikalihamishia mkono wa kushoto, kwenye mbao tupu, na karatasi ikalifuata. Iliniuma shingo kwa majuma kadhaa. Sikulitupa.

Nikawarudisha wajane kwenye kifungu cha nne. Nikachapa kama karatasi ya penseli ilivyosema: "Wanachama ni wanawake wote wenye meza sokoni, na kwa kibali, wale wajane wa askari waliorudi kutoka Zaire na Sudan." Nikaisoma kwa sauti, na mhasibu akaisoma, na Jumamosi nikaipeleka Koboko mwenyewe. Lori sikuliamini tena.

Kikao kilikaa sokoni, wenye meza mbele kwenye viti, wa magunia nyuma kwenye mikeka. Mwalimu alikuwa na homa, nikaambiwa nisome mimi. Upepo ulikuwa ule wa kwetu, nikatoa jiwe kwenye mkoba, nikaliweka juu ya kurasa. Nilipofika kifungu cha nne, minong'ono ikapita. Wajane wamerudi. Nikawaeleza kilichotokea. Nikainua jiwe juu waone, nikaonyesha kinundu, nikaeleza habari ya kitufe. Wengi walicheka. Yule wa samaki mkavu alikuja kulishika, akaligeuza, akanirudishia, nami sikumdai radhi.

Kisha mama akasimama. Mama yangu hakuwa mtu wa kusimama vikaoni.

"Mimi nauliza," akasema. "Hii jiwe iko na macho?"

"Hapana, Mama."

"Maneno kwa karatasi iko mingi. Samaki iko, ushuru iko, choo iko, mutu wa kufagia iko. Jiwe naacha yote hiyo, nakula sisi tu. Nani alionyesha yeye sisi?"

Watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya umeme, ya vitufe, ya virusi. Hilo sikujiandaa nalo. Nikatazama karatasi mkononi, na nikaanza kukumbuka zile karatasi za penseli zilizokuja Arua kikao baada ya kikao. Choo hakikuongezewa kitu. Wenye meza hawakuongezewa kitu. Kifungu cha nne kilirudi kila safari kikiwa na neno jipya, na neno hilo siku zote liliingizwa mahali pamoja, mbele ya wajane. Safari moja lilikuwa "kama nafasi ipo". Safari nyingine "baada ya wengine". Sasa "kwa kibali". Mengine yalifutwa kwa ugomvi, yakaja mengine. Na mashine ile ilikula pale tu mtu alipochomeka neno.

Nikawaambia. Niliwaambia kwa Kiswahili chetu, ili asiwepo wa kusema hakusikia. "Jiwe nakula pale mutu nachomeka neno. Mbele ya wenye meza hakuna mutu nachomeka kitu. Mbele ya wajane nyinyi nachomeka kila kikao. Ndiyo sababu."

Mama mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye meza mbili za nguo za mitumba, aliinuka na kiti kikaanguka nyuma yake. "Wewe nasema sisi ndio nakula wajane?"

Nilijua kwamba yeye anakaa na wakubwa na kwamba neno lake lingefika Arua kabla yangu. "Jiwe ilimaliza tu, mama mwenyekiti," nikasema. "Nyinyi ilianza."

Sitaandika yote yaliyosemwa baada ya hapo, mengine hayafai kuandikwa. Wajane waliinuka kwenye mikeka wote. Yule wa samaki mkavu aliuliza ni nani atakayetoa hicho kibali, na kwa nani, na kama yeye mwenyewe anacho. Wenye meza waligawanyika, kwa sababu kati yao walikuwemo waliofiwa na waume na wakanyamaza wasihesabiwe upande wa magunia. Mmoja wao alipoinua mkono kibali kiondolewe, wengine wakamfuata. Mikono ilipokwisha kuhesabiwa, mwenyekiti mwenyewe aliniambia, bila kunitazama, nikate.

Nikatoa kalamu. Upepo ulikuwa unapeperusha kurasa, na mama akaja akapiga magoti kando yangu, akaweka kiganja chake juu ya jiwe akaligandamiza.

"Kata ile ya kibali," akasema. "Sisi usiguse."

Nikayakata yale maneno matatu kwa mstari mmoja, nikaandika kando jina la soko na siku, na wanawake wakapanga foleni kutia dole gumba. Arua nilikichapa kifungu kile kwa mara ya mwisho. Nilifuta "kwa kibali, wale" herufi moja moja, taratibu, nikitazama skrini kinyume na mafundisho yote ya mzee, na wajane wakasogea wakakaa karibu na wenye meza, koma na "na" tu katikati.

Mabanda yalipofunguliwa nilikuwa Koboko. Mama alikuja na gunia lake, akalitandika ndani, chini ya bati, akapanga ufuta na chupa za mawese. Askari wa soko, kijana mwenye filimbi, akaja akamuuliza kibali chake kiko wapi.

"Enda soma karatasi," mama akamwambia, yeye ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, na akaendelea kupanga chupa zake.